Hati ya Nyumba na Deni la Tano

Nilipoamua kuiweka nyumba yetu dhamana benki, nilikuwa na madeni matano, na mke wangu nilimwambia manne. Ninaliandika hili kwanza kwa sababu mengine yote yalitokana nalo.

Nyumba iko mtaa wa Izia, ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne na sebule, na uani kuna vyumba vidogo viwili na jiko. Tuliijenga kwa miaka tisa. Hati yake ilikaa kwenye bahasha ya nailoni chini ya sanduku la mbao, na ufunguo wa sanduku nilikuwa nao mimi. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za kusaga nafaka. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nilijifunza kwenye vitabu vya ufundi nilivyonunua kwa mafundi waliostaafu, nikivisoma na kamusi pembeni, ukurasa kwa ukurasa.

Madeni yalianza na mashine yangu mwenyewe kule Matai. Nilichukua mkopo kwenye chama cha kuweka na kukopa, nikanunua injini ya dizeli iliyokwisha kutumika, nikaifungua yote na kuifunga upya. Ilifanya kazi vizuri. Lakini msimu wa pili nguzo za umeme zilifika mtaa ule, na mtu akafunga mota ya umeme hatua chache kutoka kwangu. Bei aliyosagia yeye, kwangu ingetosha dizeli tu. Wateja walinisalimia kwa adabu wakipita na ndoo zao kwenda kwake. Nikakopa kwenye kikoba ili nilipe chama, nikakopa kwa simu ili nilipe kikoba, kisha nikaingia kwenye ile mikopo tunayoiita kausha damu, ambayo marejesho yake ni kila wiki na mkusanyaji anaijua saa yako ya kunywa chai.

Yote niliyaandika kwenye daftari kubwa, kwa rula, kila deni na ukurasa wake. Ilinichukua muda kuelewa kwamba usafi wa daftari ulikuwa unanituliza tu, haupunguzi kitu.

La tano halikuwa na ukurasa. Nililikopa kwa mfanyabiashara wa maharage sokoni, na dhamana niliyoandika kwenye karatasi yake ilikuwa maksai wawili. Maksai wale ni wa mke wangu. Aliwanunua kwa mavuno yake ya maharage, na ndio wanaolima shamba letu la Pito.

Nilimweleza habari ya benki huko huko Pito, mvua zikielekea kuisha. Kipindi hicho tunapindua nyasi pamoja na udongo na kuzifukia kwenye tuta la duara tunaloliita ntumba. Nyasi zinaoza humo kiangazi chote. Mvua nyingine zikianza, tuta linabomolewa, udongo unasambazwa na ulezi unapandwa. Nilisubiri amalize mstari wake.

"Mama, nataka tuweke nyumba benki. Tuchukue mkopo mmoja wa miaka minne, tulipe haya madogo yote. Marejesho ya mwezi yatashuka chini ya nusu."

Aliegemea jembe. "Haya madogo ni mangapi?"

"Manne."

"Mimi nilijua matatu." Alicheka kidogo, bila furaha. "Majani yote yamo?"

Ni swali tunalowauliza watoto wanapojifunza kutengeneza ntumba, maana jani likibaki nje na mzizi wake linaota tena, na baada ya mwezi tuta zima limekuwa kijani.

"Yote yamo," nikasema.

Alinitazama, kisha akarudi kwenye jembe.

Baada ya wiki kadhaa afisa mikopo alikuja nyumbani pamoja na mthamini. Alikuwa binti kutoka Mbeya, na viatu vyake alivivua mlangoni bila kuambiwa. Mthamini alipima vyumba, akagonga kuta, akapanda ngazi kuangalia mbao za paa. Nilimfuata nikimweleza kina cha msingi mpaka akasema, "Mzee wangu, nyumba ni nzuri. Niache niandike."

Nyumba ya familia haiwekwi dhamana bila ridhaa ya mwenza, na binti alitaka kuisikia ridhaa hiyo mwenyewe.

"Baba, naomba nizungumze na mama peke yake. Nijue kama hajalazimishwa."

"Anilazimishe huyu?" mke wangu akadakia. "Huyu hata kuku wa kuchinja huja kuniuliza."

Nikatoka, nikasimama uani. Dirisha la sebule lilikuwa wazi.

"Mama, unajua kwamba tukifika mahali hamlipi, nyumba inauzwa?"

"Najua, mwanangu."

"Na unakubali?"

Nilisikia kiti kikisogezwa. "Mwite kwanza," akasema.

Niliingia. Fomu ilikuwa mezani, kalamu juu yake.

"Baba, nakuuliza mara ya pili, mbele ya mgeni. Majani yote yamo?"

Binti alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi. Nadhani alifikiri tumerudi kwenye habari za shamba. Mimi nilielewa kwamba mke wangu anajua, na kwamba kama ningesema ndiyo, asingesaini siku ile wala siku nyingine.

"Moja limebaki nje," nikasema. "Niliwaandikisha maksai."

"Endelea."

Nikaeleza lote: nani, kiasi gani, lini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia binti.

"Yule wa maharage alinisimamisha sokoni wiki tatu zilizopita. Akaniuliza kama maksai wanakula vizuri. Nikajiuliza, tangu lini huyu ana huruma na ng'ombe wangu?"

Binti aliziba mdomo kwa faili.

"Deni hilo liingie humo," mke wangu akaendelea. "Lisipoingia, sisaini. Mtalipa manne, la tano litakuja kuchukua maksai. Bila maksai hatulimi, tusipolima hatulipi, na ninyi mtakuja kuuza nyumba."

Nilikuwa nimesoma habari za mikopo kwa miezi miwili, na sikuwahi kukutana na hesabu iliyonyooka namna ile. Thamani ya nyumba ilitosha kubeba na deni la tano. Binti akatoa fomu nyingine.

"Bado," mke wangu akasema. "Sisi tuhamie uani. Nyumba kubwa tuipangishe, kodi iende benki."

"Uani?" nikasema. "Watu watasema nini?"

"Watasema tumehamia uani."

Akasaini.

Madeni yote matano yalilipwa wiki moja. Karatasi ya maksai niliichukua kwa yule mfanyabiashara, nikampelekea mke wangu nikidhani ataichana. Aliisoma, akanirudishia. "Gundisha kwenye daftari lako," akasema. "Ukurasa wa tano." Injini niliiuza kwa mtu wa kijiji ambacho umeme ulikuwa haujafika, kwenye barabara ya Kasanga, na hadi leo huniita kwenda kuihudumia.

Nyumba kubwa aliingia mwalimu, naye mtu wa Mbeya, na familia yake. Kodi yake ililipa sehemu kubwa ya marejesho. Iliyobaki ilitoka kwenye ufundi wangu na maharage. Mwanzoni niliona aibu kupita uani kwangu mwenyewe nikiwa na ndoo ya maji, watoto wa mwalimu wakiniamkia "Shikamoo, babu" kutoka barazani nilikokuwa nakaa mimi. Aibu hiyo iliisha mwezi wa sita, baridi ilipoingia. Chumba chetu kinapakana na jiko, na ukuta wake hubaki na joto mpaka tunapolala. Vitabu vyangu nilivipanga kwenye ubao juu ya kitanda, na navifikia bila kuinuka.

Mwaka huu tumemaliza kulipa. Hati nilikabidhiwa na binti yule yule, sasa ana mtoto. Nyumbani niliisoma kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, nikalinganisha namba ya kiwanja na niliyoiandika kwenye daftari. Zilikuwa sawa. Nikamuuliza mke wangu kama tumpe mwalimu taarifa ili turudi nyumba kubwa.

"Amelipa mpaka Desemba," akasema. "Na huku kuna joto."

Kisha akanyoosha mkono. Nilidhani anataka hati, nikampa. Akaipokea, na mkono wa pili ukabaki umenyooshwa. Nikafungua kamba ya funguo na kuutoa ule wa sanduku. Aliifunga bahasha, akainama juu ya sanduku, akaniuliza kama kuna kitu kingine cha kuweka. Nikaleta daftari. Akaliweka juu ya hati, akafunga, na ufunguo akauvaa shingoni kwenye uzi wa rozari yake. Uko huko mpaka leo, na sijapata sababu ya kuuomba.