Fanueli Hapiti Katikati

Kwenye kijiwe cha bodaboda cha Mabawa, mjini Tanga, wanamwita Fuso. Si kwa ukubwa wa mwili, maana Fanueli Shekiondo ni mwembamba kiasi kwamba koti la mvua humzunguka mara mbili. Wanamwita Fuso kwa sababu akikuta foleni hukaa ndani yake kama lori. Husimama nyuma ya bampa la gari lililo mbele, huzima injini, hushusha miguu yote miwili chini, kisha husubiri. Wenzake hupita kulia kwake, mmoja baada ya mwingine, saiti mira, vile vioo vya pembeni, zimekunjwa kwa ndani ili zisiguse magari, na kila apitaye hakosi neno la kumwachia.

"Fuso, kwenye mzani umetoka salama?"

"Fuso, leo umepakia saruji au mbolea?"

Fanueli hutazama bampa lililo mbele yake. Ana miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa Maramba, kwa baba aliyeshuka kutoka milima ya Usambara kuja kukata katani akabaki hukohuko. Kazi ya pikipiki ameifanya kwa miaka kumi na minne. Katika hiyo, kumi na miwili ya mwanzo alipita katikati ya magari kama wengine, na alikuwa hodari kuliko wengine. Waliojiunga na kijiwe juzijuzi ukiwaambia hivyo hudhani unawatania.

Wanaopita katikati hawapiti ovyo, kama wenye magari wanavyodhani. Huenda kwa msafara, na msafara una mtangulizi. Mtangulizi ndiye anayeona: upana wa nafasi, mlango unaotaka kufunguka, muuza korosho anayekatiza na sinia lake. Akiridhika huinua mkono wa kushoto juu ya bega, maana wa kulia uko kwenye mafuta. Mkono ule ukiwa juu, njia ni nyeupe, njooni. Wanaofuata hawana haja ya kuyatazama magari. Wanautazama mkono.

Kwa miaka mingi mkono huo ulikuwa wa Fanueli.

Miaka miwili iliyopita, Jumanne moja ya mwezi wa nane, alikuwa ametangulia kwenye foleni ya njia panda, na nyuma yake alikuwa mtu mmoja tu, Robert, rafiki yake tangu walipokuwa wakiokota maembe pamoja Maramba. Fanueli alipita kati ya semitrela na pikapu iliyobeba matenga ya kuku. Alipotokeza upande wa pili aliinua mkono. Alipouinua, ilikuwa kweli, nafasi ilikuwepo. Baada ya sekunde nne haikuwepo. Dereva wa semitrela, kama wanavyofanya wote wenye gari refu, alivuta kwanza kulia ili apate upana wa kukata kona kwenda kushoto. Robert alikuwa hapo katikati, macho yake yakiwa juu, kwenye mkono.

Alifariki kabla hawajafika hospitali. Trafiki walipima barabara kwa utepe, wakachora, wakaandika kwamba mwendesha pikipiki alipita mahali ambapo si njia. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyeuliza nani alikuwa mbele, na Fanueli hakusema.

Siku ya maziko, Maramba, mama yake Robert, Bi Imakulata, alimshika Fanueli viganja vyote viwili. "Mwanangu," alisema, "wewe usipite tena katikati ya magari. Niahidi." Fanueli akaahidi. Lilikuwa jambo jepesi kuahidi. Jambo zito lilikuwa lile jingine, na halikuulizwa.

Tangu hapo kila asubuhi humchukua Devota, mjane wa Robert, kutoka nyumbani kwake Mabawa hadi kiwandani, nje ya mji kwenye barabara ya Pongwe, na jioni humrudisha. Hapokei nauli. Devota ni kibarua kwenye kiwanda cha kusokota kamba za katani. Husimama mbele ya mashine kwa saa tisa, na vumbi la katani limemfundisha kukohoa bila kuacha kazi. Anamlea mtoto mmoja wa darasa la pili, na Bi Imakulata naye alihamia kwake baada ya msiba. Nyumba nzima inamtegemea yeye na mashine ile.

Lango la kiwanda hufungwa saa moja kamili. Kibarua akikuta limefungwa anarudi nyumbani na siku imekwenda. Akichelewa mara tatu ndani ya mwezi, jina linafutwa, na nje ya lango kila asubuhi wapo watu kama ishirini wanaosubiri jina la mtu lifutwe.

Kwa miaka miwili Devota hakuchelewa hata mara moja. Halafu mwezi wa tatu wakabomoa kalavati, lile daraja dogo la barabarani, ili wajenge jipya. Pakabaki upande mmoja tu wa kupitisha magari, kwa zamu, kwa bendera nyekundu na ya kijani, na usiku kucha panafungwa hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kuwahi hakusaidii. Malori hulala palepale, madereva wakiwa chini ya matela, na kufika alfajiri foleni imekwishafika kilometa mbili. Madereva wasio na subira walianzisha safu ya pili, kwa hiyo malori husimama safu mbili, na nje ya safu, kushoto kuna mtaro ambao mvua imeujaza, na kulia ukingo mwembamba unaopitisha magari yanayokuja, ambako ukiingia unakutana nayo uso kwa uso. Njia pekee iliyobaki ni ile iliyo kati ya safu na safu, upana wa mtu aliyetanua mikono. Bodaboda wanaiita uchochoro.

Wiki ya kwanza Devota alichelewa Jumatano. Wiki ya pili akachelewa Ijumaa. Ijumaa ile msimamizi, mzee mmoja mwenye adabu aitwaye Khalifa, alimwonyesha daftari kwenye dirisha la lango. "Bi Devota, mimi sina ugomvi na wewe," alimwambia. "Lakini hii ni ya pili, na mwezi bado mbichi."

Kesho yake, Jumamosi, trafiki mmoja wa kike, Koplo Shamsiya, alikuja kijiweni kutoa elimu. Walimpa kiti kizuri, wao wakakaa juu ya pikipiki zao.

"Haya," alianza, "nani ataniambia kwa nini pikipiki isipite katikati ya magari?"

"Afande, umeanza na swali gumu," alisema Yasini, msemaji wa kijiwe asiyechaguliwa na mtu, baba wa watoto watatu na mwenye sauti ya kuuzia mnadani. "Uliza kwanza kwa nini ipite."

"Kwa nini ipite?"

"Kwa sababu inaenea."

Walicheka. Koplo naye alicheka kidogo, kisha akaacha. "Na abiria akifika bila mguu?"

"Abiria anayetaka foleni angepanda Noa au daladala, afande. Kwangu anakuja nimtoe kwenye foleni. Nikikaa nyuma ya lori naye ananusa moshi, kesho haji, anakwenda kwa mwingine. Halafu afande, kukaa nako si usalama. Mwenzetu Haji, yule anayetembea kwa magongo, unamjua? Alisimama kwenye foleni na adabu zake zote, kama ulivyomfundisha. Lori la nyuma likakosa breki. Adabu ilimfaa nini?"

Koplo Shamsiya alitazama pembeni kidogo. "Sheria inasema mkae kwenye safu," alisema hatimaye.

"Sheria haina mtoto wa kupeleka shule," alisema mtu wa nyuma.

"Muulize Fuso, afande! Sheria yote iko kwa Fuso!"

Ikabidi Fanueli asimame. Koplo alimuuliza kama ni kweli hapiti katikati. Akasema ni kweli. Kwa kuogopa faini? Hapana. Kwa nini basi?

"Nilimwahidi mtu," alisema Fanueli.

"Mnaona?" Koplo aliwageukia wengine. "Huyu ndiye dereva. Mpigieni makofi."

Wakampigia, wengine kwa dhihaka, wengine kwa kweli, na Yasini akampigia honi. Fanueli alisimama katikati ya makofi yale hadi yalipokwisha, kisha akaketi akaanza kufuta tangi la mafuta ambalo halikuwa na vumbi.

Jumatatu alimfuata Devota saa kumi na moja na nusu alfajiri.

"Umeamkaje, shemeji?" aliuliza Devota akipanda.

"Salama, shemeji. Mama hajambo?"

"Usiku kakohoa, sasa amelala."

Walifika kwenye mkia wa foleni kukiwa bado na giza jepesi. Fanueli alisimama nyuma ya lori la chokaa, akazima injini, akashusha miguu. Saa kumi na mbili ilifika. Huko mbele bendera ikabadilishwa, malori kumi yakapita, halafu ikawa zamu ya upande wa pili. Walisogea hatua kama hamsini. Pikipiki zilianza kuwapita, zikiingia uchochoroni kama mchanga unavyoingia kwenye ufa. Zamu nyingine, hatua nyingine hamsini. Devota alikuwa na simu mkononi, akiiwasha kutazama saa na kuizima.

Saa kumi na mbili na nusu aliacha kuizima.

"Shemeji."

"Naam."

"Kutoka hapa mpaka kwenye bendera ni mbali?"

"Yapata kilometa moja na nusu."

"Nikishuka nikakimbia?"

"Hadi kwenye bendera utafika. Kiwandani hutafika."

Devota aliitia simu kifuani. Lori la mbele lilitoa moshi, likazimwa.

"Basi pita," alisema.

"Devota."

"Pita katikati."

"Nilimwahidi mama."

"Najua ulimwahidi. Nilikuwepo. Mama anakula ninachopata pale, Fanueli. Mtoto anakula palepale." Devota hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake. "Jina langu likifutwa leo, wewe utaniandikia kwingine?"

Fanueli hakuwa na pa kumwandikia. Aligeuza shingo akamtazama. Hakuwa analia, alikuwa ameshafunga kamba ya kofia ngumu chini ya kidevu, na magoti ameyabana kwenye mbavu za pikipiki. Alikuwa tayari kabla ya kusema.

Fanueli aliinama akajaribu kukunja saiti mira ya kulia. Haikukubali. Kwa miaka miwili haikuguswa, na chumvi ya hewa ya Tanga ilikuwa imeishika kwenye maungio. Aliipiga kwa kiganja mara tatu ndipo ikalia na kugeuka. Ya kushoto alihitaji kuipiga kwa spana. Kisha akawasha injini, akavuta kulia, akaingia.

Alisahau mambo mengi katika miaka miwili ile lakini haya hakuyasahau. Matairi ya malori yalikuwa usawa wa mabega yake pande zote mbili. Joto la injini liligusa mguu wa kushoto, likaacha, likagusa wa kulia. Hakutazama magari; alitazama nafasi iliyobaki. Dereva mmoja alikuwa anapiga mswaki mlangoni, akarudisha mguu ndani. Nyuma yake Fanueli alisikia sauti aijuayo.

"Fuso kaingia! Jamani, Fuso kaingia leo!"

Ilikuwa sauti ya Yasini, na baada yake honi, moja, mbili, nyingi. Pikipiki zilikuwa zinajipanga nyuma yake. Hakutaka kuzisikia. Lori la mafuta, lori la mbao, semitrela tupu, semitrela iliyojaa. Hapo nafasi ilibana hata kiwiko cha Devota kikaparuza turubai. Kisha ikatanuka. Bendera ilikuwa ya kijani. Walivuka kalavati miongoni mwa wa kwanza, na barabara ya mbele yao ilikuwa tupu mpaka kwenye kona.

Hakuna aliyeumia. Hakuna hata aliyekwaruzwa. Saa moja kasoro dakika sita alizima injini mbele ya lango, na wale ishirini waliokuwa wakisubiri jina la mtu wakawatazama kwa macho ya watu walionyimwa kitu.

Devota alishuka, akavua kofia, akampa. Hakuondoka.

"Mkono ule ulikuwa wa nini?" aliuliza.

"Mkono upi?"

"Tulipotoka kwenye yale matela mawili. Uliinua mkono huu." Alimgusa wa kushoto. "Uliuweka juu mpaka tulipofika kwenye bendera."

Fanueli aliutazama mkono wake kama kitu alichoachiwa na mtu ashike. Hakukumbuka kuuinua. Lakini Yasini na wenzake walikuwa wamepita nyuma yake wote, pikipiki tisa au kumi, na wasingepita bila mkono.

"Ni wa kuwaambia walio nyuma," alisema. "Kwamba njia nyeupe. Waje."

Devota aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayejifunza njia ya mahali. Halafu kichwa kikatulia.

"Robert alikuwa nyuma yako siku ile."

Lango lilikuwa wazi, vibarua wakiingia mmoja mmoja, na Mzee Khalifa dirishani akiandika. Fanueli angeweza kusema mengi: sekunde nne, semitrela, kwamba alipouinua ilikuwa kweli. Alikuwa ameyapanga maneno hayo kwa miaka miwili.

"Ndiyo," alisema.

Devota alimtazama. Ndani ya kiwanda mashine za kwanza zilianza kuunguruma. Alifungua kanga kiunoni, akajifunga upya, akakaza. Alitazama lango, akatazama pikipiki, na ilionekana wazi kwamba alikuwa anatafuta mtu mwingine wa kumleta kesho, na kwamba hakumpata.

"Kesho njoo saa kumi na moja na nusu," alisema. "Usichelewe."

Akaenda dirishani, akataja jina lake, likaandikwa. Hakugeuka.

Fanueli alikaa juu ya pikipiki mpaka lango lilipofungwa. Kisha alijaribu kurudisha saiti mira mahali pake. Ya kulia ilirudi. Ya kushoto ilikuwa imevunjika kwenye shina na ilining'inia, ikimwonyesha tairi lake mwenyewe. Aliing'oa akaitia kwenye mfuko wa koti, akageuza pikipiki kurudi mjini. Kule kwenye kalavati foleni ya upande huu nayo ilikuwa imekwishajipanga, safu mbili, na vijana wa kijiwe kingine walikuwa wamesimama mdomoni mwa uchochoro wakisubiri mtu wa kutangulia.