Kupanda bila Kuyumba

Kila nikishika chuma cha mazoezi na harufu ya kutu ikabaki viganjani, ninarudi uani kwetu, Kasongo. Kaka zangu wawili walikuwa wamefunga bomba la chuma kati ya michikichi miwili, na kila jioni walijivuta hapo huku wakibishana. Mkubwa alirusha miguu mbele na nyuma ili mwili upande upesi. Wa pili alipanda polepole, miguu imenyooka, akisema kurusha miguu ni kuidanganya misuli.

Jioni moja baba alirudi kutoka dukani kwake, akasimama kumtazama mkubwa.

“Shuka,” alisema. “Usiyumbe tena.”

“Baba, iko mazoezi tu.”

Baba alivua kanzu, akashika bomba, akapanda taratibu mpaka kidevu kikavuka chuma. Mwili wake haukutikisika. Tulibaki midomo wazi, maana hatukuwahi kumwona akibeba hata gunia la mchele.

“Ulijifunza wapi?” kaka mkubwa aliuliza.

“Mu shimo ya zahabu, kule Lusangi. Tulikuwa tunapanda na kamba. Mutu akiyumba, udongo inaanguka juu ya wenye wako chini.” Akaokota kanzu yake. “Siku moja niliyumba. Mudogo wangu alikuwa chini.”

Mama, aliyekuwa akitwanga majani ya muhogo ya sombe, alisimamisha mchi hewani. Sisi watoto tulikuwa tumeambiwa siku zote kwamba baba mdogo alikufa kwa homa.