Aliyechonga kwa Mkono wa Kushoto

Ephantus Kuria alikuwa amechonga mawe ya kujengea kwa miaka kumi na saba. Maghorofa mengi mapya ya Kileleshwa yalisimama juu ya mawe yaliyopita mikononi mwake, na kila jioni alirudi kwake Kangemi akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mkewe, Waringa, alimtengea maji ya kuoga. Habari za mawe hakumwuliza hata siku moja.

Ndiyo maana mwaka wa 2004, kwaya ya kanisa ilipoenda kuona mapango ya kale kule bondeni, Ephantus alirudi na kidonda cha moyo. Kisa kilikuwa Norman, mwalimu wa kwaya, karani wa benki katikati ya jiji, mikono laini. Norman ndiye aliyejipa kazi ya kueleza. Alisema mapango yale yalichongwa na watu, ila ni watu gani, hakuna ajuaye. Wengine huwataja Agumba, wale wafupi wanaosemekana waliishi chini ya ardhi. Waringa alimsikiliza bila kupepesa macho. Akauliza swali, akaongeza lingine. Ephantus aliyahesabu yakafika matano.

Akajitenga, akawa anapapasa ukuta kwa hasira tu. Mara mkono ukasita. Alama za tindo zote zililalia upande usio wa kawaida.

“Huyu alishika nyundo kwa mkono wa kushoto,” akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

Norman akamwomba awaeleze, tena kwa heshima, na heshima hiyo ikamchoma zaidi. Ephantus akawaonyesha mahali mtu yule alipochoka, na mahali tindo yake ilipoanza kuwa butu. Waringa akasogea, akaweka vidole kwenye alama.

“Baba Shiku, haya umeyajua tangu lini?”

“Tangu kabla sijakuoa.”

Jumapili iliyofuata, Norman aliwasimulia waumini habari za mchongaji huyo bila kusema nani aliyemtambua. Ibada ilipoisha, Waringa alimfuata nje, wakasimama wawili kando ya gari lake wakizungumza. Aliporudi, alisema amemweleza maneno yale ni ya nani, na Norman ameomba radhi. Atalitangaza hilo wiki ijayo.

Ephantus alipaswa kufurahi. Badala yake, njiani alimwuliza mkewe ilikuwaje jambo dogo hivyo lichukue dakika ishirini. Waringa akacheka, akamshika mkono. Aliuacha ushikwe, lakini uso hakuukunjua mpaka nyumbani.