Niliweka Jiko Saloni

Nyumba yetu ya mtaa wa Songo ni ya zamani, ya kuta nene ambazo msumari unapinda kabla haujaingia. Baba mkwe aliinunua mume wangu akiwa bado hajazaliwa. Mbele kulikuwa na saloni, sebule kubwa ya wageni, yenye dirisha pana linalotazama ziwa. Jiko lilikuwa nyuma, ng'ambo ya ua: kijumba cha matofali ya kuchoma, mlango wa kuinamia, paa la manjanja, mabati yaliyotoboka yanayoingiza mvua lakini hayatoi moshi. Mama mkwe alipika humo tangu ujana wake. Nilipoolewa akanikabidhi mwiko, nami nikaanza kuinama. Baba mkwe alitangulia kufariki, kisha mume wangu, tukabaki mimi, mama mkwe na watoto wangu, na moshi ule ule. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuharibika. Milima ya nyuma ya mji hakuiona tena, aliijua kwa kukumbuka tu.

Siku moja ya mvua alikuwa akivuka ua na sufuria ya maharagwe, akateleza. Hakuvunjika, ila mchuzi ulimuunguza mkono kuanzia kiganja hadi kiwiko. Nilipokuwa nikimmwagia maji baridi nilisikia sauti yangu ikisema:

"Mama, jiko linahamia ndani."

"Ndani wapi?"

"Saloni."

Akasahau maumivu. "Weye uko na wazimu? Bageni tutabaweka wapi, juu ya mbabula?"

Sikumlaumu. Kwetu mtu akipata pesa kidogo huanza na saloni: fotei za kukalia, mapazia, meza ya kioo. Sisi nasi chumba chenye nafasi na hewa kuliko vyote tulikuwa tunakifunga kwa ufunguo, watoto wasichafue, tukingoja watu wanaokuja mara moja moja. Na walipokuja, sisi tulikuwa nyuma, tunakohoa.

Mimi ni mshonaji, nina mashini yangu ya kushonea huko mtaa wa Kimanga. Nilichukua chaki ya kuchorea vitambaa, nikasogeza fotei pembeni, nikachora sakafuni. Huku meza ndefu ya simenti, kimo chake kiishie kiwikoni mwangu. Huku mbabula mbili, majiko ya makaa, zijengewe ndani ya matofali, juu yake bomba la moshi. Huku pa kuoshea vyombo, na maji machafu yatoke kwa mfereji hadi kwenye migomba. Katikati, meza ya kulia watu wote.

Mama mkwe alisimama mlangoni. Chaki hakuweza kuiona. "Nionyeshe na miguu," akasema.

Nikamshika mkono mzima, nikamtembeza. Hapa unasimama. Hapa unageuka, maji haya hapa. Hapa unakata vitunguu. Alinyoosha viganja hewani, kwenye urefu niliomwonyesha, akavitembeza polepole kama anayepangusa meza. Mgongo wake ulikuwa umenyooka.

"Dirisha litabakia?"

"Litabakia, mama."

"Basi ita masoni."

Masoni, fundi wa kujenga, alikuja, akapima, akaandika devi, makadirio ya gharama. Jumla yake ilikuwa karibu mara mbili ya zamu yangu ya likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana pesa. Nilikaa na karatasi ile mashinini, nikaitendea kama kitambaa kisichotosha gauni: unapunguza mahali ambapo mwili hautaumia. Niliondoa karo, vile vigae vya ukutani, tukapaka simenti laini. Niliondoa kabati za mbao, nikashona mapazia ya kuzibia vyombo. Matofali tungeyatoa kwenye jiko la zamani lenyewe, meusi vile vile. Masoni akapendekeza nipunguze pia bomba la moshi, kwani dirisha lingetosha. Nikamwambia ningekuwa tayari kukosa sakafu kuliko kukosa bomba lile. Pengo lililobaki nililiziba kwa fotei. Niliziuza kwa maharusi wapya, nao walifurahi sana, sikuwaambia kwa nini ninaziuza.

Miezi hiyo mji haukuwa na utulivu kwa uvumi wa vita. Jirani yangu alikuwa na mifuko imefungwa nyuma ya mlango, tayari kuvuka mpaka. Alinikuta nikipokea simenti barabarani.

"Batu banafunga mizigo, weye unanunua simenti?"

"Nikikimbia," nikamjibu, "nitakimbia mugongo umenyooka."

Alitikisa kichwa. Usiku ule nilijiuliza kama anasema kweli. Asubuhi nikaagiza mchanga.

Habari zikamfikia shemeki, kaka wa marehemu, aliye Bukavu. Alishuka bila kutoa taarifa. Alikuta ukuta wa saloni umetobolewa kwa ajili ya bomba, vumbi kila mahali, mama yake amekaa juu ya mfuko wa simenti akinywa chai.

"Shemeki, nani alikupa ruhusa? Hii haiko nyumba yako. Iko nyumba ya baba. Mutu akitoka mbali kuheshimu jina la baba yetu, ataonyeshwa masufuria?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nilifungua kinywa, mama mkwe akaninyooshea kiganja ninyamaze.

"Baba yako alikuwa anakaa humu na bageni bake," akamwambia mwanawe. "Minye niko kule nyuma, ninapika. Nilikuwa ninasikia banacheka. Miaka yote ile, sikujua hata siku moja banacheka nini."

"Mama, haiko hiyo tunazungumzia."

"Iko hiyo. Minye ndiyo ninazungumza hiyo. Nyumba hii tulinunua naye babili, nilikuwa ninauza ndagala, samaki wadogo ba ziwa. Kama unaona haya, peleka bageni kwako Bukavu."

Akaomba aongezewe chai. Shemeki alitazama tundu la ukutani, akanitazama mimi. Nilimtazama vile vile, sikuteremsha macho. Akaondoka kesho yake, bila kuniaga.

Ukuta ule ulimtesa masoni. Patasi mbili zilipinda, na nikalazimika kushona sare za kwaya nzima ili nimlipe siku alizoongeza. Sakafu haijakamilika hadi leo. Upande wa dirishani bado ni simenti yenye mawimbi. Lakini siku tuliyowasha mbabula, niliona moshi unapanda bombani kama mtu aliyeonyeshwa njia, nikatoka nje mbio kuuhakikisha juu ya paa. Mama mkwe alisonga bugali akiwa amesimama. Alisonga mwingi kupita kiasi, tukaugawa kwa majirani.

Sasa watu wakija hukaa mezani, tunapika tukizungumza nao. Wengine hushika kisu wakasaidia kumenya. Mama mkwe huwakatiza, huwabishia, huwataka warudie kisa tangu mwanzo.

Shemeki naye hurudi, kwa kuwa mama yake yuko hapa. Ila mlango wa mbele, ambao sasa unafungukia jikoni, hapiti. Huzunguka nyumba nzima na viatu vyake vya ngozi, anaruka mfereji wa maji machafu, anashikilia mgomba, anabisha mlango wa nyuma.

"Iko wazi!" mama mkwe humwitia, bila kuacha kukoroga.

Anaingia, anakaa mezani jikoni, anakula sahani mbili.