Ndoano za Pikapu ya Baba

Juzi nilikuwa Makindu nikingoja kuzibiwa pancha, nikasikia fundi wa gereji ya pili akitoboa chuma. Mwanamume mmoja alikuwa ameleta pikapu kuukuu, anataka iwekwe ndoano za kuvutia gari likikwama, mbele na nyuma. Harufu ya chuma kilichopata moto ikanifikia pale nilipokaa, na mimi, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, nikajifunika uso na mtandio ili watu wasinione nikilia.

Wacha nikuambie ni kwa nini.

Sisi ni watu wa Mbooni, kule juu kwenye baridi, ambako asubuhi ukungu unakaa hadi wakati wa chai ya saa nne. Baba alikuwa na pikapu ya kijani iliyopauka. Aliinunua ikiwa tayari imezeeka, na kazi yake ilikuwa kushusha matunda ya majirani hadi soko la Mukuyuni. Msimu wa maparachichi tuliamka na kuyapanga kwenye magunia, tukiyashika polepole kama mayai, kwa sababu baba alisema tunda lililoumia hulalamika sokoni. Susu, mama yake baba, alikuwa anakoboa mahindi ya kupikia muthokoi kwenye kinu nje ya jikoni, na mlio wa mchi wake ulichanganyika na ule wa injini iliyokataa kuwaka kwa baridi. Baba akirudi jioni tulijua ni yeye kabla hajafika kona. Mlango mmoja wa pikapu ulikuwa ukipiga kelele ya peke yake.

Kati yetu na barabara kubwa kulikuwa na mto wa mchanga. Unaijua hiyo mito yetu. Miezi mingi hakuna maji, ni mchanga tu unaong'aa, na akina mama wanachimba visima kwa kibuyu. Lakini mvua ikinyesha juu milimani, mchanga ule unalainika kama uji, na gari likiingia halitoki.

Nilikuwa darasa la tatu mama alipokuwa mjamzito. Mimi ndiye niliyekuwa kifungua mimba, ndugu yangu ananifuata, na huyu angekuwa wa tatu. Susu alikuwa ameanza kumpikia mama uji wa wimbi kila asubuhi, na mimi nilikuwa nimeahidiwa kwamba ndimi nitakayembeba mtoto mgongoni.

Uchungu ulimshika mama asubuhi, siku moja baada ya mvua kubwa. Baba akamweka mbele pamoja na susu, mimi na jirani wawili wanawake tukapanda nyuma. Ndugu yangu alibaki kwa shangazi. Tulipofika mtoni, magurudumu ya nyuma yalizama hadi chesisi ikalala juu ya mchanga.

Wanaume walikuja kusukuma. Haikusonga. Akaja jirani yetu mwenye lori la kubeba mchanga, akashuka na kamba nene, akaizunguka pikapu akitafuta.

"Nifunge wapi?" aliuliza.

Hakukuwa na mahali. Pikapu ile ilikuwa imepoteza kila kitu cha kushikwa kabla haijafika kwetu. Baba akasema, "Funga kwa bampa."

Lori lilivuta na bampa ikang'oka, ikaruka na kuanguka mchangani. Wakafunga kamba chini, kwenye springi, lakini ukingo wa chuma uliikata. Wakaiunganisha, ikakatika tena. Wale jirani wawili walikuwa wamenishusha na kunikalisha kwenye ukingo wa mto, kisha wakarudi kushikilia leso kwenye madirisha ili watu wasione ndani. Nilimsikia mama. Nilimsikia susu akimwambia, "Vumilia, mwanangu, vumilia kidogo." Baba alikuwa amepiga magoti mchangani akichimba kwa mikono, ingawa watu walikuwa na sepetu.

Halafu mama akanyamaza. Nilingoja kusikia mtoto akilia kwa sababu nilijua ndivyo inavyokuwa. Susu alishuka na kitu kidogo kwenye leso yake, akamtazama baba, akatikisa kichwa. Baba aliendelea kuchimba. Jirani mwenye lori ndiye aliyemshika mabega na kumwambia, "Baba, wacha. Wacha sasa."

Nyumbani hakuna aliyenieleza lolote. Watoto wa wakati ule hatukuulizia mambo hayo.

Mama alipopata nguvu za kukaa nje juani, baba alinichukua tukaenda Mukuyuni kwa fundi wa kuchomelea. Nadhani hakutaka kwenda peke yake. Nilikaa juu ya tairi nikila chungwa, nikamsikia akisema, "Nataka mahali pa kushika. Mbele na nyuma."

"Nikuchomelee kwa hii bampa mpya?" fundi akauliza.

"Usiniambie habari ya bampa."

Fundi alimtazama, akaacha kutabasamu. "Basi tutaingia kwa chesisi."

Alilala chini ya gari akasugua kutu kwa brashi ya waya, akagonga chuma kwa nyundo akisikiliza palipo pazima na palipooza. Akatoboa, akaweka kipande cha chuma kinene kwa ndani ili bolti zisipasue chesisi, akakaza nati akining'inia kwenye spana kwa uzito wake wote. Ndoano mbili mbele. Alipofika nyuma akauliza, "Huku nako nani atakuvuta?"

"Huko ni kwa kuvuta wengine," baba alisema.

Tulipofika nyumbani alimwita mama aje aone. Mama alitoka jikoni akipangusa mikono kwenye kitambaa. Aliinama, akaishika ndoano ya mbele, akaivuta kidogo. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Sasa ndio umeweka," alisema, akarudi jikoni.

Tangu siku hiyo mama hakupanda pikapu ile. Sokoni alishuka kwa miguu, mzigo mgongoni na ukamba wake kwenye paji la uso, na bodaboda zilipokuja akapanda bodaboda. Nao walipendana, usinielewe vibaya. Alimwekea baba nyama iliyo nono, na baba alimletea sukari kabla hajaambiwa imekwisha. Ila jambo lile lilikaa kati yao. Wakati wa mvua, mtu akija kusema gari limekwama mtoni, baba aliacha chakula na kukimbilia mnyororo. Alivuta magari ya harusi, ya mwalimu mkuu, ya wagonjwa. Akirudi na matope hadi kiunoni, mama alimpa maji ya moto bila kuuliza ametoka wapi.

Baba alifariki msimu wa mvua ndefu. Ndugu yangu ndiye aliyeendesha pikapu kutoka mochari, jeneza likiwa nyuma. Tulidhani mama atapanda gari la jamaa, lakini alifungua ule mlango wenye kelele, akakaa mbele, mimi nikakaa katikati. Mtoni tukazama. Mwenye trekta akaja, akatia mnyororo kwenye ndoano, akavuta mara moja. Tukatoka.

Mama aligeuka kunitazama. "Imetoka?"

"Imetoka, mama."

"Hivi tu?"

Hapo ndipo alipolia. Mochari hakuwa amelia. Alilia njia yote ya kupanda mlima, na tulipokaribia nyumbani akanishika mkono akasema, "Alikuwa msichana. Alikuwa na nywele nyingi. Baba yako alimzika kando ya ua wa mikonge, na kila mwaka akinyoosha ule ua hakuniruhusu nimsaidie."

Sasa mama naye ametuacha. Susu alitangulia zamani. Pikapu ilikatwakatwa ikauzwa chuma chakavu. Mtoni pana daraja, na madereva wanapita hata hawapunguzi mwendo. Mwaka jana nilipanda hadi Mbooni na mche wa waridi ndani ya mkebe, ili nimtafute dada yangu. Nilikuta ndugu yangu ameng'oa mikonge yote na kuweka waya, na shamba lote limepandwa mahindi. Nilitembea na ule mche kutoka kona moja hadi nyingine. Sikujua niupande wapi.