Vitunguu vya Chumba cha Mwali

Wiki iliyopita nilikwenda Bigwa kuitazama nyumba ya bibi. Nikakuta hosteli ya wanafunzi, ina geti na mlinzi. Akaniuliza namtafuta nani. Ningeanzia wapi?

Basi nianze kwa kukueleza wewe unayenisoma. Juzi waliponiaga chuoni nikistaafu walisoma sifa zangu, profesa wa seli, hadubini hii na ile, mpaka nikaona aibu. Hakuna aliyetaja vitunguu. Mimi nilianza kuzitazama seli nikiwa mwali, nimewekwa ndani kwa bibi. Mwali wa Kiluguru haonwi na wanaume wala hapigwi na jua mpaka achezwe ngoma yake. Dirisha lilizibwa kwa gunia lenye tundu moja. Nilimenya vitunguu vya mboga, na kwa kuchoka kukaa nikawa nabandua ile ngozi nyembamba ya ndani, naiweka kwenye tundu la mwanga. Nikaona mistari, kama vyumba vidogo vimepangana. Sikujua vinaitwaje. Nilichojua ni kwamba mtihani wa darasa la saba ni kesho, na ngoma yangu bado.

Jioni mwalimu wangu akaja. Nilimsikia kupitia ukuta.

"Shikamoo bibi. Akikosa kesho, sekondari ndiyo basi tena."

Bibi akaitikia marahaba. La mtihani alilijibu mjomba, na kwetu mjomba akishasema juu ya mtoto wa dada yake, hata baba hana la kuongeza.

"Mwali hatoki, mwalimu. Unataka tuchekwe Bigwa nzima?"

Nikasikia viatu vya mwalimu vikiondoka. Niliuma pindo la kanga nisilie kwa sauti, na usingizi haukuja.

Alfajiri bibi akaingia, akanifunika gubigubi, akanishika mkono. Mlangoni mjomba alikuwa amesimama.

"Mama, unampeleka wapi?"

"Aliyemweka ndani ni mimi. Pisha."

Chini ya kanga niliona miguu ya mjomba tu, haitikisiki. Nilidhani nimeshaukosa mtihani. Kisha ikasogea.

Shuleni msimamizi wa mtihani, mgeni kwetu, akataka nifunue uso.

"Namba yake si hiyo hapo mezani?" bibi akasema. "Au uso ndio utakaofanya mtihani?"

Mwalimu akanidhamini. Nikaketishwa kona, nimeelekea ukutani, na bibi akasimama mlangoni akiniziba jua kwa mwili wake mpaka kengele ya mwisho.

Bibi hayupo, mjomba hayupo, na chumba kile hakipo. Giza lake silililii. Ila kazi yangu yote nimeifanyia gizani, maana seli tulizozitia rangi ya kung'aa huonekana vizuri taa ikizimwa, na kila nilipozima taa nilimkumbuka bibi. Nimeona ndani ya seli mambo ambayo jicho tupu haliyaoni. Uso wa bibi alipomwambia mwanawe apishe, sikuuona. Nilikuwa nimefunikwa.