Roshani ya Agosti

Wahakiki wa Madrid walimsifu mwandishi Eulalia Berzosa kwa miaka mingi, lakini yeye alitamani kitu kimoja tu: kusimama kwenye roshani ya ofisi ya kijiji chetu, mwezi wa Agosti, atoe hotuba ya kufungua sikukuu ya mtakatifu wetu. Heshima hiyo tulimpa mwokaji mikate. Tulimpa hata mwendesha baiskeli aliyezoea kushika mkia. Binamu yangu Eulalia tukamnyima.

Aliyemzuia ni shangazi yetu Casilda, mwenye baa, ambaye kwenye kamati ya sikukuu hakuna aliyethubutu kumpinga. Kila kiangazi Eulalia alikuja, akaagiza kahawa, akauliza kama anatania, "Mwaka huu je, shangazi?"

"Wewe kila kitabu unatuua," Casilda alimjibu akifuta kaunta. "Kijiji kinabaki na bibi mmoja na mbwa. Huko Madrid wanalia, wanakupa tuzo. Utuandike tukiwa hai, mwanangu, ndipo upande kwenye roshani."

"Lakini wanasema ni riwaya nzuri."

"Wao hawafi humo. Kunywa kahawa, inapoa."

Casilda tulimzika majira ya baridi, na baa ikafungwa. Mwezi wa Juni meya mpya, mtu wa mjini, akampigia Eulalia simu kumwambia kwamba kamati imemchagua.

"Nani amepinga?" Eulalia aliuliza.

"Hakuna. Wote wamekubali."

Alikata simu, akaiweka mezani kati yetu.

"Si ndicho ulichokitaka?" nikamuuliza.

"Nilitaka akubali shangazi."